Ua, Saa na Mkono Usiochorwa: Ishara za Anasa kutoka Uholanzi hadi Thika

Michoro ya vitu tuli ya Uholanzi ya karne ya 17 imezoeleka kusomwa kama mahubiri juu ya ufupi wa maisha. Bakuli la kauri ya Uchina, limau lililomenywa nusu, ua linaloanza kunyauka, saa iliyoachwa wazi: vyote humkumbusha mwenye mali kwamba ataiacha. Usomaji huo ni sahihi, ila haujakamilika, kwani mauti yanayodokezwa pale ni ya mnunuzi peke yake. Kungumanga iliyowatajirisha baadhi ya wafanyabiashara wa wakati huo ilitoka visiwa vya Banda, ambako mwaka 1621 majeshi ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, chini ya Jan Pieterszoon Coen, yaliwaua au kuwahamisha takriban wenyeji wote. Mchoraji hakuwa na ishara ya jambo hilo.

Ambrosius Bosschaert (1573–1621) alichora katika chombo kimoja maua ambayo kwa kawaida hayachanui katika msimu mmoja. Shada kama hilo halikuweza kukatwa bustanini. Lilikuwa anasa ya kubuni. Thika na Ruiru, karibu na ikweta, katika eneo lililotandwa na mashamba ya kahawa ya walowezi enzi za ukoloni, mawaridi huchanua mwaka mzima ndani ya mabanda ya plastiki. Baadhi yake hupelekwa kwa ndege hadi mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Bei huko huamuliwa kwa saa: hushuka kutoka juu hadi mnunuzi wa kwanza aisimamishe. Chombo kilekile kilichokuwa onyo mchoroni kimekuwa kipimo cha bei, na kunyauka, kiini cha mahubiri yale, ni hasara inayohesabiwa kwa siku.

Mkono unaolikata waridi, hata hivyo, bado haumo katika taswira. Hapo ndipo Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, si mbali na Ruiru, anapoigeuza ishara. Katika Petals of Blood (1977), wanafunzi wa Ilmorog wanaokota ua jekundu lililoliwa na mdudu. Hawasikitikii uzuri unaopita. Wanamuuliza mwalimu Munira kwa nini viumbe hulana. Munira, aliyewatoa nje ili wajifunze majina ya sehemu za ua, anababaika, kisha anaapa kutowatoa tena darasani.