Bei Uliyonunulia na Bei ya Leo

Ndugu msomaji, kabla hatujaingia katika habari ya makampuni makubwa, chukua mfano mdogo. Umenunua magunia 100 ya karafuu mwaka jana, ukayaweka ghalani. Leo mwaka umetimia, bei ya sokoni imegeuka, nawe hujauza hata gunia moja. Je, mali yako ni kiasi gani? Ni zile fedha zilizotoka mfukoni mwako mwaka jana, au ni zile ambazo ungalizipata leo lau ungaliuza? Swali hili laonekana jepesi, lakini limewashughulisha watu kwa zaidi ya miaka elfu, na kwa sababu ya kujibiwa kwa hila, maelfu ya wafanyakazi wamepoteza akiba zao za uzeeni.

Wanavyuoni wetu wa sheria walilitambua jambo hili mapema. Katika istilahi yao, thaman si sawa na qima. Thaman ni ile bei waliyokubaliana muuzaji na mnunuzi, iwe kubwa au ndogo. Qima ni kile ambacho kitu chasimama nacho sokoni, kwa makadirio ya watu wanaokijua. Sisi Waswahili tumeyapokea maneno yote mawili, "thamani" na "kima", kisha tukayachanganya, na pengine ndiyo maana habari hii yatutatiza. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, juu ya mtu aliyemwacha huru mtumwa wa shirika kwa fungu lake, imeamriwa kwamba mtumwa yule akadiriwe kima cha uadilifu ili washirika wengine wapate haki zao. Tazama basi: wahasibu wa nchi za Kiarabu walipotaka jina la kile ambacho leo twakiita "thamani ya haki", walichukua al-qima al-adila, maneno ya mzizi ule ule.

Lakini mahali ambapo swali hili lilichambuliwa khasa ni katika zaka ya mali ya biashara. Abu Ubayd, aliyefariki mwaka 224 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake cha Al-Amwal rai ya Maymun ibn Mihran: ukifika wakati wa zaka, mfanyabiashara ahesabu fedha alizonazo, azikadirie bidhaa zake kwa fedha, aongeze madeni anayotumaini kulipwa, kisha atoe madeni anayodaiwa. Kuzikadiria bidhaa namna hiyo ndiyo njia waliyoifuata wengi, wakiwemo Mashafii, ambao ndio wengi katika mwambao wetu. Thamani inayotazamwa ni ile ya siku mwaka ulipotimia.

Imam Malik, aliyefariki mwaka 179 wa Hijra, alikuwa na rai nyingine ambayo yafaa kuizingatia. Yeye aliwagawa wafanyabiashara mafungu mawili. Yupo yule azungushaye mali yake kila siku, anunua na kuuza bila ya kungoja. Huyu hukadiria kila mwaka. Na yupo yule aliyenunua akaketi, akiingojea bei ipande. Huyu hatakiwi kukadiria mpaka auze, na akiuza hutoa zaka ya mwaka mmoja. Yaani namna ya kupima yafuata nia ya mwenye mali na desturi yake. Iweke akilini tofauti hii, ndugu msomaji, kwani tutakutana na mfano wake California katika mwaka 2023.

Ama Marekani, katika miaka ya 1920 makampuni mengi, khasa yale yaliyomiliki makampuni ya umeme, yaliandika upya thamani za mali zao vitabuni kwa kiasi walichopenda wakuu wake, kisha yakawauzia watu hisa kwa hesabu hizo. Soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929, wengi waligundua kwamba wamenunua hewa. Ilipoundwa mwaka 1934 tume ya serikali ya kusimamia masoko ya hisa, ilishika msimamo mkali: mali na iandikwe kwa bei iliyonunuliwa, na asiipandishe mtu. Kwa muda wa miaka 40 hivi, huo ndio uliokuwa mwendo wa wahasibu wa nchi ile.

Msimamo huo nao ukaleta maradhi yake. Vilikuwako vyama vya akiba na mikopo ya nyumba, vilivyowakopesha watu kwa muda wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika. (Hukumu ya riba yenyewe ina makala yake, hapa tunatazama hesabu tu.) Riba ya sokoni ilipopanda sana baada ya 1979, mikopo ile ya zamani hapana ambaye angeinunua kwa bei iliyoandikwa vitabuni. Vyama vilikuwa vimefilisika kwa haki ya soko, lakini vitabu vilisema vi wazima, kwa kuwa vitabu vilitazama bei ya zamani. Wakuu wa mashirika ya fedha waliweza hata kuuza zile dhamana zilizopanda ili waonyeshe faida, na zile zilizoshuka wakaziacha pale pale kwa bei ya kununulia. Kati ya 1986 na 1995 vyama 1,043 vilifungwa, na walipa kodi wakabebeshwa mzigo wa dola bilioni 124 hivi.

Kwa ajili hiyo ndipo bodi ya wahasibu wa Marekani ilipoanza kugeuza uso. Mwaka 1991 ilitaka makampuni yatangaze thamani ya haki ya mali zao za fedha. Mwaka 1993 ikayagawa matumizi ya dhamana kwa nia ya mwenye kuzishika, kama tutakavyoona. Na mwaka 2006 ikatoa ufafanuzi ambao hatimaye bodi ya kimataifa ya London iliufuata katika kanuni yake ya 13, iliyotolewa Mei 2011 na kuanza kutumika Januari 1, 2013. Thamani ya haki, wasema, ni bei ambayo ungeipata kwa kuiuza mali hiyo siku ya kupima, katika mauzo ya taratibu, si ya mtu aliyebanwa, baina ya watu wa soko.

Lakini soko lenyewe likiwa halipo? Hapo wamepanga daraja tatu. Ya kwanza ni mali yenye bei iliyo wazi sokoni, kama hisa ziuzwazo kila siku. Ya pili haina bei yake yenyewe, lakini yaweza kupimwa kwa bei za vitu vinavyofanana nayo au viwango vinavyoonekana. Ya tatu haina kitu cha kuonekana. Kampuni hufanya makadirio yake yenyewe. Kwa hakika fitina yote imelala katika daraja hii ya tatu.

Kampuni ya Enron ya Houston ilionyesha hatari hiyo hata kabla ya kupangwa daraja hizo. Mwezi Januari 1992 tume ya masoko haikuizuia kuhesabu mikataba yake ya gesi kwa thamani ya siku, badala ya kungoja fedha ziingie. Maana yake ni kwamba mkataba wa miaka 20 ukitiwa saini leo, faida inayotarajiwa kwa miaka yote 20 huingia kitabuni leo. Nani aliyeipima? Enron mwenyewe. Mwaka 2000 ilifunga mkataba na Blockbuster wa kupeleka sinema majumbani kwa waya, ikaandika faida ya dola milioni 110 hivi kutokana na shughuli ambayo ilikuwa ingali katika majaribio; mkataba ukavunjwa Machi 2001. Hisa iliyofika dola 90 Agosti 2000 haikufika dola moja ilipotangazwa kufilisika tarehe 2 Desemba 2001. Na wale makarani na mafundi ambao zaidi ya nusu ya akiba zao za uzeeni ilikuwa katika hisa za kampuni yao, waliondoka mikono mitupu.

Katika sheria zetu kadhi hutegemea watu wenye ujuzi wa soko, na wanavyuoni wamebishana kama atosha mkadiriaji mmoja au lazima wawe wawili. Kwa kawaida makadirio hayo hayaachiwi mdaiwa peke yake.

Mwaka 2008 lawama ziligeuka tena. Mabenki yalilalamika kwamba yanalazimishwa kuandika bei za soko lililoshikwa na hofu, na Bunge la Marekani likaipa tume uwezo wa kuisimamisha kanuni. Tume ikachunguza, na Desemba 2008 ikashauri isisimamishwe. Mimi naona ilifanya sawa: homa haipoi kwa kuvunja kipimajoto.

Sasa turejee kwa yule aliyenunua akaketi. Kanuni ya Marekani yasema kwamba benki ikitangaza nia ya kuzishika dhamana mpaka muda wake uishe, yaweza kuziweka kwa gharama na isiingize hasara ya soko katika hesabu zake. Mwisho wa 2022 Silicon Valley Bank ilikuwa na dhamana za namna hiyo zilizoandikwa dola bilioni 91, na bei yake sokoni ilikuwa bilioni 76. Pengo lile la bilioni 15 lilikaribia kuumeza mtaji wote wa benki, uliokuwa bilioni 16 hivi. Halikufichwa, lilichapishwa katika maelezo ya hesabu. Lakini wachache walisoma. Tarehe 9 Machi 2023 wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na kesho yake benki ikafungwa. Nia ya kushika ilikuwapo. Uwezo wa kushika haukuwapo. Yule mtu wa Imam Malik aliketi juu ya mali yake mwenyewe, si juu ya amana zinazoweza kudaiwa asubuhi.

Kanuni za kimataifa zimefika kwetu pia: Kenya tangu 1999, na Tanzania tangu Julai 2004. Basi ukiwa na hisa chache katika soko la Nairobi au Dar es Salaam na kampuni yako ikakuletea kitabu chake cha mwaka, usiishie kwenye picha za wakurugenzi na mstari wa faida. Fungua kurasa za maelezo huko nyuma, tafuta palipoandikwa thamani ya haki, utazame ni kiasi gani cha mali kimewekwa katika daraja ya tatu, na ni nani aliyekikadiria.