Chakula ambacho tumbo linakataa: namna ya kukitambua na kukipika nyumbani

Mtu amealikwa kwa jirani, akapewa kikombe kikubwa cha maziwa ya moto. Saa moja kisha tumbo linajaa, linanguruma, anakimbia chooni mara tatu. Usiku ule ule watu wa nyumba wanaanza kuulizana: alikula wapi? Nani alimupatia? Kabla ya asubuhi neno limekwisha kusemwa: "Ni karuho." Bukavu, Goma, Uvira na katika vijiji vya pembeni, neno hilo linatosha kuvunja ujirani wa miaka mingi, na siku ingine linaleta mawe na moto mbele ya mlango wa mama mzee asiyejua chochote.

Kwamba watu wanaweza kupewa sumu, hakuna anayebisha. Lakini mara nyingi jambo ni dogo zaidi: chakula kilikuwa kizuri na safi, ila mwili wa yule aliyekula hauwezi kukisaga wote. Huko ndiko kunaitwa kutovumilia chakula. Dawa yake haipatikani kwa munganga wa kutapisha watu, iko jikoni. Na dawa za kutapisha, kwa mtoto ambaye tayari anahara, zinamumalizia maji ya mwili.

Mambo matatu ambayo watu wanachanganya

Mtu asiyevumilia chakula fulani anasumbuliwa na tumbo: hewa, kunguruma, maumivu, kuhara. Kiasi ndicho kinaamua. Vijiko vitatu vinapita bila shida, kikombe kizima kinakataa.

Aleji ni kitu kingine. Hapo kinga ya mwili inashambulia chakula kama adui, na kiasi kidogo sana kinatosha. Midomo inavimba, vipele vya kuwasha vinatoka, mtu anatapika, pumzi inakatika. Karanga, mayai, samaki na maziwa viko kati ya vyakula vinavyoleta aleji mara nyingi. Mtoto aliyewahi kuvimba midomo kisha kula karanga, wazazi wasimujaribu tena nyumbani "ili kuona". Pumzi ikianza kukatika ni kukimbia hospitali saa ile ile.

Jambo la tatu ni chakula chenye sumu yake chenyewe, ambacho kinaumiza kila mtu. Muhogo mchungu ndio mfano unaojulikana. Usipolowekwa siku za kutosha, sumu yake inabaki ndani ya unga, na familia inayokula bugali wa namna hiyo wiki nyingi bila maharagi wala samaki inaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na haurudi nyuma. Munganga Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, na umeonekana Kivu ya Kusini pia. Vita na njaa vinafanya watu wafupishe kuloweka: siku tatu ao ine zinakuwa moja, juu soko linangoja ao watu wanakimbia. Sombe nayo inatakiwa kutwangwa vizuri na kuchemka muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Hapo si suala la tumbo la nani ni zaifu. Ni suala la kutayarisha.

Maziwa

Ndani ya maziwa kuna sukari inayoitwa laktosi. Mtoto anazaliwa na kimeng'enyo cha kuikata, laktazi. Kwa watu wengi duniani, karibu wawili kwa watatu, laktazi inapunguka kadiri mtu anavyokua. Laktosi isipokatwa inateremka hadi utumbo mkubwa, vijidudu vya huko vinaichachisha, ndipo hewa na kuhara. Mara nyingi dalili zinaanza kati ya nusu saa na saa mbili kisha kunywa. Kwa hiyo, mtu akizoea kuangalia saa, anaanza kujua mwenyewe.

Tena hili ni jambo la mwili wa kila mmoja. Katika nyumba moja mama anakunywa nusu lita na kulala vizuri, baba anashindwa na robo. Kusema kwamba asiyekunywa maziwa si mtu wa kwetu ni maneno ya bure, na huku mashariki maneno ya namna hiyo yameshaleta matata ya kutosha.

Kuchemsha maziwa ni lazima, juu kunaua vijidudu vya magonjwa kama vile kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe. Lakini moto hauondoi laktosi. Kubadilisha ng'ombe kwa mbuzi hakusaidii sana, laktosi iko karibu sawa. Maziwa ya unga ya kopo nayo yako na laktosi.

Kinachosaidia ni mashanza. Vijidudu vinavyogandisha maziwa vinakula sehemu ya laktosi kabla yako, na vingine vinaendelea kuikata ndani ya tumbo. Njia salama nyumbani: chemsha maziwa, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, weka vijiko viwili vya mashanza mazuri ya jana, funika katika chombo safi mpaka asubuhi. Fromaji ya Masisi, ile ya duara iliyokaa wiki kazaa, inabaki na laktosi kidogo sana, maana nyingi inatoka pamoja na maji ya maziwa wakati wa kukamua, na inayobaki inamalizika fromaji ikiwa inakomaa. Kipande kidogo juu ya kiazi cha kuchemsha kinamupatia mtoto protini na kalisi bila shida ya tumbo. Bei ndiyo inakataa nyumba nyingi.

Watu wengi wasiovumilia laktosi wanaweza kukunywa hata kikombe kimoja cha robo lita wakikunywa pamoja na chakula, ao wakigawa mara mbili kwa siku. Asiyeweza hata hivyo asikae bila kalisi: sambaza ao ndakala zinazoliwa nzima na mifupa yake, na lengalenga. Sambaza zilizokaushwa zikisagwa unga, kijiko kimoja ndani ya uji wa mtoto kinafanya kazi kubwa.

Titi la mama ni jambo la pekee. Maziwa ya mama yana laktosi kuliko ya ng'ombe, na hata hivyo karibu kila mtoto mchanga anayavumilia. Mama asiache kunyonyesha juu mtoto ana hewa ao anahara. Miezi sita ya kwanza ni titi tu, kisha titi na vyakula hadi miaka miwili ao zaidi. Inatokea pia kwamba mtoto mkubwa kidogo, kisha kuhara sana, anashindwa na maziwa ya ng'ombe kwa wiki chache kwa sababu utumbo umechubuka. Utumbo unapona, na maziwa yanarudi polepole. Kumuandika maisha yake yote kama "mutoto wa kukataa maziwa" ni kosa.

Maharagi

Hapa malalamiko ni mengi, na ni hatari kuyafuata haraka, kwa sababu katika nyumba nyingi za Kivu maharagi ndiyo nyama ya kila siku. Hewa inatoka kwa sukari fulani za maharagi ambazo hakuna mtu mwenye kimeng'enyo cha kuzikata. Kila mtu anapata hewa. Wengine wanaisikia zaidi.

Maharagi yalowekwe usiku mzima, saa nane hadi kumi na mbili. Maji yale yamwagwe. Yapikwe kwa maji mapya, yakichemka kwa nguvu angalau dakika kumi, kisha moto upunguzwe mpaka yalainike kabisa. Mama wengi wanasema maji ni ya kununua, hayamwagwi bure. Ni kweli, lakini maharagi yaliyolowekwa yanaiva mbele, na makala yanayobaki yanalipa yale maji. (Maji ya kumwaga yanafaa kwa bustani ya lengalenga.) Magadi yanalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini B1. Kwa mtoto mdogo na mzee, maharagi yapondwe na kuchujwa maganda. Anayeanza aanze na vijiko viwili kwa siku, tumbo linazoea.

Ngano

Mkate na mandazi vina gluteni, protini ya ngano. Shayiri pia iko nayo. Watu wachache wana ugonjwa wa seliaki: gluteni inafanya mwili uharibu utumbo wake wenyewe, mtoto anakonda, haongezeki urefu, damu inapunguka. Huo si wa kubahatisha nyumbani. Kuna kipimo cha damu, na mgonjwa asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo kitadanganya.

Kwa familia ambayo imehakikishiwa ugonjwa huo, huku mashariki kula ni rahisi kuliko Ulaya. Bugali wa muhogo ao wa mahindi, wali, viazi, ndizi, mtama, ulezi: vyote havina gluteni. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, nao hauna. Shida iko kwa mashini ya kusaga. Ikisaga ngano ya mteja wa mbele, unga wako unachanganyika. Afazali kusaga asubuhi kabla ya wengine, ao kutwanga nyumbani. Bia za chupa zinazotengenezwa na shayiri zinakatazwa. Mutobe wa ndizi unabaki.

Kujaribu bila kumuumiza mtoto

Kosa linaloonekana sana ni kuondoa vyakula vitano kwa mara moja. Mtoto anahara, nyanya anakataza maziwa, shangazi anakataza maharagi, jirani mayai. Kisha mwezi mmoja mtoto anakula bugali na majani tu, miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Tumbo halikumwangusha, ni sahani iliyobaki tupu.

Mambo mengine yanakuja kwanza. Minyoo, amiba, tifo na maji machafu vinaleta tumbo lile lile, na huku ni vya kawaida kuliko kutovumilia chakula. Mtoto apelekwe kituo cha afya apimwe. Damu katika choo, homa, kukonda, miguu kuvimba ao kutapika kusikoisha si mambo ya kujaribia jikoni. Kuhara maji meupe kama maji ya mchele, kandokando ya ziwa Kivu na Tanganyika, kuchukuliwe kuwa kolera mpaka waganga waseme vingine: serumu ya kunywa njiani, na mbio.

Vipimo vikiwa vizuri na shida inarudi, chukua daftari. Andika wiki moja: alikula nini, saa ngapi, tumbo lilifanya nini. Chakula kinachoshukiwa kiondolewe peke yake, wiki mbili, na mahali pake pawekwe kingine cha namna ile: sambaza kwa maziwa, mayai kwa maharagi. Kisha kirudishwe kidogo. Dalili zikirudi, jibu limepatikana, na kinachobaki ni kutafuta kiasi anachoweza. Zisiporudi, chakula hicho hakina kosa, kirudi kwenye sahani.

Mtoto aliye katika matunzo ya utapiamlo ni tofauti. Plumpy'Nut imetengenezwa na karanga na maziwa ya unga. Mama akiona inamuharisha mtoto asiikate mwenyewe wala kuiuza. Arudi kwa muuguzi. Na kama mtoto amewahi kuvimba kwa karanga, muuguzi aambiwe siku ya kwanza.

Sufuria moja, watu nane

Hakuna nyumba ya kupika mara mbili, makala hayatoshi. Uji upikwe na maji, na maziwa yawekwe katika kikombe cha anayeweza. Mchuzi wa wote upikwe bila kile kinachokataa, kisha nyongeza ije mezani. Watoto wakubwa wanaelewa upesi wakielezwa. Wanaosumbua ni wageni wenye huruma.

Kwa jirani na kwenye karamu, kukataa chakula ni shida kubwa kuliko tumbo. Anayekataa anaonekana kama anamushuku mwenye nyumba. Wanaojua desturi wanasema mapema, kabla sahani haijafika, tena mbele ya watu: "Mama, maziwa inanijazaka tumbo tangu utoto, hata ya kwetu. Unipatie tu kiazi na maharagi." Neno "hata ya kwetu" ndilo linamutuliza mwenye nyumba.