Manyoya Yalivyofika Mto Mnyera

Anayetoka Mikumi kwenda Ifakara hupita Kidatu, Mang'ula na Kiberege, milima ya Udzungwa ikimsindikiza mkono wa kulia na mashamba ya miwa na mpunga yakitanda mkono wa kushoto. Mto Kilombero wenyewe hauonekani. Hadi aipite Ifakara na kufika Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, ndipo Kilombero humfungukia, mpana na wa rangi ya udongo, mitumbwi imefungwa ukingoni. Maji hayo yametoka mbali. Mpanga, Mnyera na Ruhudji hushuka kutoka nyanda za juu, hukutana bondeni na kuwa Kilombero, na Kilombero ukishaungana na Luwegu ndio Rufiji. Makadirio yanayotumika sana husema kwamba asilimia 62 hivi ya maji ya Rufiji hupita hapa.

Huko juu, Mnyera na Ruhudji, kuanzia karibu mwaka 2010 walianza kufika wavuvi wa namna ambayo bonde halikuwa limeizoea. Walitoka Afrika Kusini, Ulaya na Marekani, wakiwa na fito nyepesi na visanduku vilivyojaa ndoano zilizofungwa manyoya na nywele. Walivua mchana kutwa, wakampiga samaki picha, wakamrudisha majini. Wamesimulia sana habari zao, kwa Kiingereza, na katika masimulizi mengi bonde linaonekana kana kwamba halikuwa na mtu kabla yao. Mimi naona historia hii lazima ianze na wenye mto.

Wandamba ni watu wa maji tangu zamani. Maisha yao yamefuata mafuriko: masika mto unapofurika, tambarare yote hugeuka ziwa na samaki husambaa nyikani kuzaliana; maji yakianza kupungua, samaki hurudi mtoni kupitia vijito, na hapo ndipo wavuvi huwangojea. Huweka nyuzio za matete na fito kukatiza kijito, wakaacha nafasi za kutegea migono. Kiangazi hujenga kambi kando ya mto, wakala sehemu ya samaki na kukausha nyingine kwa moshi, kambale na perege kwa wingi, kisha mzigo hupelekwa kwenye masoko ya Ifakara na kwingineko. Anayetega mgono huwa amekwisha kujua maji yataondoka lini, yatapita wapi, na samaki gani hutangulia kutoka. Ujuzi huo haukupata kuandikwa kwa uzito unaostahili.

Kidogo kilichoandikwa kinapatikana kwenye vitabu vya enzi ya Waingereza, Kiberege ilipokuwa kituo cha utawala wa wilaya. Mwaka 1935 A. T. Culwick, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick walichapisha London kitabu Ubena of the Rivers, kuhusu Wabena wanaoishi kando ya mito hii. Sura moja ya kitabu hicho ni ya Mtema Towegale Kiwanga, kiongozi wa Wabena hao. Ni jambo la kushika sana: miaka zaidi ya sabini kabla ya majarida ya uvuvi kuitangaza mito hii, mtawala wake mwenyewe alikwisha kuwa na sauti yake katika kitabu.

Ufundi wa manyoya nao una historia ndefu kwingine. Mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus, karibu mwaka 200, alieleza watu wa Makedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na kuongeza manyoya mawili yanayoota chini ya ndevu za jogoo, ili samaki wadhani ni mdudu aliyetua juu ya maji. Uingereza iliuendeleza ufundi huo kwa ajili ya trauti, samaki wa maji baridi, na walowezi wakauleta Afrika Mashariki pamoja na samaki mwenyewe. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alipandikiza trauti kutoka Scotland katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Mito mingine ya milimani ikafuata, huko Kenya na pia Tanganyika. Hata leo mabwawa ya Mufindi, juu ya ukingo ule ule unaomwaga maji Kilombero, yana trauti.

Kenya ikapiga hatua ambayo sisi hatukuipiga. Kufunga ndoano hizo za manyoya, ziitwazo nzi wa kuvulia, kulitoka kwenye burudani ya walowezi kukawa kazi ya Waafrika, na leo kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill ina kiwanda chake Kenya, ambako wanaume na wanawake hukaa mezani wakifunga nzi wanaouzwa Ulaya na Marekani. Mvuvi anayesimama katika mto wa Scotland huenda ndoano yake imefungwa na mikono ya Mkenya.

Trauti hawaishi kwenye joto la Kilombero. Samaki aliyewaleta wageni Mnyera ni wa jenasi Hydrocynus, ambaye wavuvi wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe. Ana mwili mrefu wa rangi ya fedha wenye mistari myeusi, mkia uliogawanyika, na meno makali yanayokaa nje ya mdomo hata akifunga taya. Mwanasayansi Castelnau alimpa jina la kisayansi Hydrocynus vittatus mwaka 1861. Mwaka 1986 mwanasayansi mwingine, Brewster, katika jarida la jumba la makumbusho la London, alitenga spishi nyingine ya mito ya Tanzania inayoelekea Bahari ya Hindi, Rufiji na Ruvu ikiwemo, akaiita Hydrocynus tanzaniae. Nchi yetu imo kwenye jina la samaki huyo, na Watanzania wanaolifahamu hilo ni wachache mno. Mwaka 2014 watafiti walithibitisha kwamba jamaa yake wa Afrika Kusini huruka na kudaka mbayuwayu wanaopita juu ya maji.

Kwa samaki kama huyo, nzi mdogo wa trauti ni bure. Wageni walikuja na mitindo iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya samaki wanaokula samaki wenzao. Lefty Kreh wa Maryland alibuni Lefty's Deceiver mwishoni mwa miaka ya 1950, wa manyoya marefu ya jogoo, na nzi huyo akafika hadi kwenye stempu ya posta ya Marekani mwaka 1991. Bob Clouser wa Pennsylvania alibuni Clouser Minnow katika miaka ya 1980, na huyu ndiye anayefaa kutazamwa kwa karibu.

Mfungaji hubana ndoano kubwa kwenye jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza. Huzungusha uzi kwenye shingo ya ndoano hadi chuma kifunikwe, kisha huweka macho mawili ya risasi yaliyoungana na kuyafunga kwa mizunguko ya kupishana, huku na huku, mpaka yasitikisike. Hapo huja nywele za mkia wa paa, fungu jeupe upande mmoja na fungu la rangi upande wa pili, katikati nyuzi chache za kumetameta. Nywele zikizidi, nzi hazami vizuri na haogelei. Mfungaji mzuri hutambulika kwa anachokiacha mezani. Mwisho ni tone la gundi. Kwa kuwa macho yana uzito, nzi hugeuka tumbo juu na kushuka kichwa mbele, na mvuvi akiuvuta mshipi kwa mikupuo, hupanda na kushuka kama dagaa aliyejeruhiwa. Mbele ya ndoano lazima kiwepo kipande cha waya, la sivyo meno yatakata mshipi mara moja.

Hata hivyo sehemu ngumu haimo katika kisanduku. Taya za samaki huyu ni mfupa mtupu na ndoano haishiki kirahisi. Wengi humpata na kumpoteza papo hapo. Na kabla ya hapo lazima ajulikane alipo: nyuma ya gogo lililozama, kwenye kona ambako mkondo umechimba ukingo, au pale maji ya kasi yanapokutana na maji tulivu. Kampuni ya Afrika Kusini ya Tourette Fishing, iliyofungua njia ya safari hizi, iliweka kambi mbili, moja Mnyera na moja Ruhudji, ndani ya eneo la uwindaji wa kitalii. Habari zikaenea duniani kwamba hapa kuna samaki wa kilo 9 na zaidi wanaokubali manyoya, jambo adimu kokote Afrika. Lakini mto wenye viboko na mamba hauendeki kwa ramani peke yake. Unahitaji mtu wa kuusoma, na wasomaji hao ni wenyeji.

Watu wengi wa bondeni hustaajabu wakisikia samaki mkubwa amerudishwa majini, na ni haki yao, kwani samaki hapa ni kitoweo na ada ya shule. Mimi naamini desturi zote mbili zina nafasi. Samaki mkubwa wa Mnyera huchukua miaka kufikia ukubwa huo, na akiachiwa bila jeraha anaweza kuzaa tena na kuleta mgeni mwingine. Ila fedha za mgeni huyo zikipita juu ya kijiji bila kutua, kijiji hakina sababu ya kumlinda samaki wake.

Mto wenyewe umebadilika haraka. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na zaidi ya hekta 796,000. Tangu wakati huo mashamba yameongezeka, mifugo imeingia kwa wingi, na misitu ya kandokando ya vijito imepungua. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya tambarare ikatangazwa Pori la Akiba Kilombero, ambako kuingia bila kibali ni kosa. Huko chini, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kujazwa Desemba 2022, na uhai wake unategemea maji haya haya. Yote hayo yanamgusa mtega migono wa Kindamba kabla ya kumgusa mgeni mwenye ufito, na kwenye mipango ya hifadhi ujuzi wake unapaswa kuhesabiwa kama utaalamu.

Ombi langu lina sehemu mbili. Kwa walimu na wanafunzi wa Ifakara, Kiberege na Mlimba: wafuateni wavuvi wazee wa Kindamba sasa, mwandike majina ya samaki, ya vijito na ya mitego, kwa maneno yao wenyewe, na mwandike pia majina ya vijana wanaowaongoza wageni Mnyera. Kwa halmashauri na vyuo vya ufundi: kufunga nzi kunahitaji jiliwa, uzi, ndoano na mkono mtulivu, na jogoo wa kienyeji anapatikana katika kaya nyingi nchini. Kenya walianza na vitu hivyo hivyo. Kiberege inaweza.