Ajizi ni nyumba ya njaa: Kiini cha kuahirisha mambo na jinsi ya kujinasua

KILA mwaka, Wakenya walio na nambari ya PIN huwa na miezi sita, kuanzia Januari 1 hadi Juni 30, kuwasilisha taarifa za ushuru za mwaka uliotangulia. Kwa mwajiriwa aliye na fomu yake ya P9, shughuli yenyewe haichukui muda mrefu. Hata hivyo, wengi hungoja hadi siku za mwisho za Juni, foleni zinapokuwa ndefu na mitambo kulemewa.

Mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia tano ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu aahirishe jambo huku akijua litamgharimu?

Si kila anayekawia huwa ameshikwa na ajizi. Mkulima anayesubiri mvua ikolee ndipo atie mbegu ardhini anapima wakati. Lakini yule anayejua kuwa mvua ya masika huanza Machi, ana pesa za mbegu mfukoni, na bado Aprili inamkuta hajalima, huyo anajiponza mwenyewe.

Mwanasaikolojia Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha uchambuzi mpana wa tafiti kuhusu suala hili mwaka wa 2007. Kwa maelezo yake, kuahirisha ni kuchelewesha kwa hiari jambo ambalo mtu amenuia kulitenda, ijapokuwa anatarajia kupata hasara kwa kuchelewa.

Si uvivu

Aghalabu anayeahirisha huitwa mvivu. Lakini mtu huyo huyo anaweza kufagia nyumba nzima ili mradi asiiguse barua anayopaswa kuiandika.

Mwaka wa 2013, watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kuwa kiini cha tabia hii ni hisia. Kazi fulani humletea mtu uchovu wa moyo, hofu ya kushindwa au aibu. Akiiweka kando, anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo humfunza kukimbia tena kesho.

Nafuu hiyo ni mkopo wenye riba. Utafiti wa Dianne Tice na Roy Baumeister, uliochapishwa mwaka wa 1997, uliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Mwanzoni mwa muhula, walioahirisha kazi walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao. Kufikia mwisho wa muhula, waliugua zaidi na kupata alama za chini.

Riba huwa kubwa zaidi katika masuala ya afya. Shinikizo la damu laweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili, nayo saratani ya mlango wa kizazi hutibika vyema ikigunduliwa mapema. Anayeogopa jibu la daktari huambulia utulivu wa siku chache, huku maradhi yakiendelea kukomaa.

Namna ya kujinasua

Kwa kuwa chanzo ni hisia, kujikaripia hakusaidii sana. Hatua zifuatazo zina manufaa zaidi.

Kwanza, taja saa na mahali. Katika utafiti mmoja wa Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter nchini Ujerumani, wanafunzi walitakiwa kuandika ripoti wakati wa likizo ya Krismasi. Takriban robo tatu ya walioamua mapema wataiandikia wapi na lini waliimaliza kwa wakati. Miongoni mwa wasioamua, ni thuluthi moja tu waliofaulu. "Jumamosi saa tatu asubuhi, mezani" ni ahadi thabiti kuliko "wikendi hii".

Pili, punguza ukubwa wa mwanzo. Badala ya kujiambia utamaliza taarifa ya ushuru, anza kwa kuitafuta fomu ya P9. Mara nyingi woga hupungua kazi inapoanza.

Tatu, ondoa kishawishi. Simu ikiwa chumba kingine, mtu hupata fursa ya kujiuliza iwapo kweli anaihitaji.

Nne, jisamehe. Utafiti uliofanyiwa wanafunzi nchini Kanada na kuchapishwa mwaka wa 2010 ulibainisha kwamba waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa kwa mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo kabla ya mtihani uliofuata. Lawama huongeza uchungu, na uchungu ndio unaokimbiwa.

Iwapo ajizi inaandamana na huzuni isiyoisha, kukosa usingizi au kushindwa kabisa kutulia, ni vyema kumwona daktari, kwani huenda kuna maradhi yanayohitaji matibabu.

Kwa wengine wote, dawa ni kuchagua jambo moja lililokwama na kulitengea saa yake leo. Wahenga walikwisha kuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.