Majina ya Kikorea, Hatua za Kijapani: Mifuatano ya Taekwondo kama Hati ya Historia

Katika taekwondo, mfuatano ni mpangilio maalumu wa mapigo na vikingio ambao mwanafunzi huukariri na kuurudia peke yake hadi mwili uuzoee. Insha hii inadai kwamba mifuatano hiyo ni hati ya kihistoria, na kwamba kile inachokitangaza kinatofautiana na kile inachokihifadhi.

Inachokitangaza ni utaifa. Mfuatano wa Joong-Gun, uliomo katika mkusanyiko wa Jenerali Choi Hong Hi, una miondoko 32, ambayo ni umri wa Ahn Joong-gun, kwa hesabu ya Kikorea, aliponyongwa na Wajapani mwaka 1910 kwa kosa la kumuua Ito Hirobumi huko Harbin. Sam-Il una miondoko 33, kwa ajili ya watu 33 waliotia saini tamko la uhuru la tarehe 1 Machi 1919. Anayekosea hesabu ya hatua, basi, amekosea pia historia ya taifa.

Inachokihifadhi ni asili ambayo haikupendeza kutajwa. Choi alijifunza karate nchini Japani, sawa na Lee Won Kuk, aliyefungua shule ya Chung Do Kwan jijini Seoul mwaka 1944. Hata baada ya ukoloni kukoma mwaka 1945, shule za Korea ziliendelea kufundisha mifuatano ya karate. Ule uitwao Heian ulisomwa Pyongan, herufi zikiwa zilezile. Jina taekwondo lilipitishwa mwaka 1955 tu. Atazame mtu Chon-Ji, mfuatano wa kwanza wa Choi: kugeuka kushoto, kukinga chini, kusonga mbele na kupiga ngumi. Heian wa kwanza huanza vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, kuuita huo wizi ni kurahisisha mambo. Waliotawaliwa walikuwa wameshafunzwa miili yao na mtawala. Walichoweza kubadili upesi ni majina.

Na majina yenyewe hayakutulia. Choi alihamia Kanada mwaka 1972, na mwaka uliofuata shirikisho jingine la dunia likaundwa Seoul. Mkondo huo wa Seoul hutumia mifuatano minane ya Taegeuk, iliyopewa maana za alama za kale, nne kati yake zikiwamo katika bendera ya Korea Kusini. Hakuna shujaa anayetajwa. Choi, kwa upande wake, alikuwa na mfuatano wa Ko-Dang, uliomuenzi Cho Man-sik, mzalendo aliyewekwa kizuizini huko Kaskazini baada ya vita. Katika miaka ya 1980, Choi alipokwisha kujisogeza karibu na Pyongyang, aliuondoa na kuweka Juche, jina la itikadi ya serikali ya huko. Zipo shule zilizokataa badiliko hilo, na hadi leo wanafunzi wake hukariri Ko-Dang.