Kutuma ordinateri, kamera ao mashini ya redio: asiransi ya ajansi inalipa nini?

Ku biro nyingi za ajansi za kutuma mizigo, jibu ni moja: "Iko na asiransi, usiogope." Mteja analipa, anapewa kikaratasi cha resu, koli inapanda gari. Siku inafika na kioo kimepasuka, ndipo mwenye mali anajua kama neno asiransi lina maana mbili, na kama yeye alipewa ile ndogo.

Maana ya kwanza ni daraka la msafirishaji mwenyewe. Mtu anayechukua mzigo wa mwengine kwa malipo anaubeba ku kichwa chake, tangu anaupokea mpaka anautoa ku mikono ya mpokeaji. Hiyo haiombi kampuni ya bima, ni sheria. Lakini sheria hiyohiyo imeweka kipimo cha pesa ambacho msafirishaji hawezi kupitisha. Congo iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya kusafirisha mizigo kwa barabara, iliyoandikwa Yaoundé mwaka 2003 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2004, inasema kama mzigo umepotea ao umeharibika, malipo hayapite franka CFA 5.000 kwa kila kilo.

Tufanye hesabu. Ordinateri ya dola 900, ndani ya karto yake na chaji yake, ina kilo 4. Kilo 4 mara 5.000 ni franka CFA 20.000, maana yake karibu euro 30. Basi. Kwa gunia la maharagi ao la saruji kipimo cha kilo kinaweza kueleweka. Kwa kamera, kwa telefone, kwa mashini ya ekografi ya kituo cha afya ao meza ya sauti ya redio, hakifae hata kidogo, kwa sababu vitu hivyo ni vyepesi na bei yake ni nzito.

Kwa ndege zinazotoka inchi moja kwenda ingine, kuna Mapatano ya Montréal ya mwaka 1999. Hapo kipimo ni DTS 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024. Mbele yake ilikuwa 22. DTS ni hesabu ya pesa ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na 26 zinakaribia dola 35. Ni afazali kuliko barabara, lakini ile ordinateri ya dola 900 bado inalipwa karibu dola 140 tu. Na ajabu yake iko hapa: kampuni za haraka za kimataifa zinahesabu bei ya kutuma kwa ukubwa wa karto, si kwa uzito tu. Karto ya sentimeta 50 kwa 40 kwa 40, wanazidisha na kugawa kwa 5.000, inahesabiwa kama kilo 16 hata kama ndani mna kilo 6. Ku kulipa inakuwa kubwa, ku kulipwa inarudi ku uzito wake wa kweli.

Bei iandikwe ku bordero

Sheria ya OHADA imeacha mlango. Mwenye kutuma anaweza kutangaza bei ya mali yake, na bei hiyo ikiandikwa ku bordero ya safari, ndiyo inakuwa kipimo kipya pahali pa ile ya kilo. Ajansi ina haki ya kuomba pesa ya ziada, na hiyo ni halali. Kwa ndege pia iko vile. Kampuni kubwa kama DHL ao FedEx zinaita huduma hiyo kwa majina yake, na FedEx yenyewe inasema wazi kama kutangaza bei kwake si kununua bima: inapandisha tu kipimo cha daraka lake.

Kwa hiyo swali la kwanza ku biro si "muko na asiransi?" Kwa swali hilo kila mtu anaitika ndiyo. Swali linalofaa ni: "Mutaandika bei ya kitu hiki wapi?" Mfanyakazi akionyesha pahali ku bordero, akaandika dola 900, namba ya seria na sahihi yake, kuna kitu cha kushika mkononi. Akisema "tunajuana, haina shida," afazali kutafuta biro ya pili. Kujuana kunasaidia siku koli imechelewa. Siku imevunjika, bosi wa ajansi anauliza karatasi.

Maana ya pili ya asiransi ni bima ya kweli: kontra na kampuni ya bima inayobeba hatari ya mali yenyewe. Zamani ku Congo ilikuwa SONAS peke yake. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na leo kampuni zingine zinafanya kazi chini ya uangalizi wa ARCA, shirika la serikali linalotoa ruhusa. Ajansi inayosema iko na bima lazima iweze kutaja jina la kampuni na namba ya kontra. Jina lisiloonekana ku orodha ya ARCA ni jina tu. Tena inafaa kuuliza: bima hiyo ni ya nani? Ajansi nyingine zina bima ya gari, ile ya lazima kwa barabara. Hiyo inalipa mtu aliyegongwa. Kamera iliyo nyuma ya gari haimo.

Ndani ya kontra, mistari inayokula pesa ni ile ya mwisho. Kampuni nyingi za dunia zinafuata vifungu vya London vinavyoitwa A, B na C. A inabeba hatari zote isipokuwa zile zilizotajwa. C inabeba ajali kubwa tu, kama moto ao gari kupinduka. Wizi haumo, na koli iliyoanguka toka mkononi mwa mbeba mizigo haimo. Kwa vitu vya umeme, C ni bei rahisi ambayo ni afazali kuiacha. Kisha kuna franshizi, sehemu ya hasara ambayo mwenye mali anabeba mwenyewe. Ikiwa ni dola 100, kamera ya dola 120 haina faida ya kuwekewa bima.

Bunduki ku njia

Hapa ndipo majimbo ya mashariki yanatofautiana na vitabu. Vifungu vyote vitatu, hata A, vinaacha inje vita, uasi na maasi. Bima ya vita inayouzwa kando, kwa desturi inafunika mzigo ukiwa ndani ya meli ao ndege, si juu ya barabara. Kwa hiyo gari likisimamishwa ku njia na koli zikachukuliwa, malipo yanategemea neno moja: wezi ao waasi? Wizi wa majambazi unaingia ndani ya A. Kitendo cha vita hakiingii. Ndiyo sababu karatasi ya polisi inayoandikwa siku ileile ina uzito, na wenye kuiandikisha waseme walichoona tu, bila kutia jina la kundi ambalo hawakulijua.

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, koli zilizokuwa zinashuka pale zimepaswa kutafuta barabara, ziwa na mipaka. Kila mahali pa kubadilisha gari ni pahali pa kuanguka. Basi linatoa kwa boti, boti inatoa kwa motari, motari anapigia mpokeaji simu. Bordero moja toka mwanzo mpaka mwisho ndiyo kinga: aliyepokea mzigo mara ya kwanza anabaki kujibu, hata kama amemupa mwengine sehemu ya njia. Bordero tatu za watu watatu ni mabishano tayari. Hata wanaonunua Dubai ao Guangzhou kwa njia ya mukusanyaji, anayetia koli za watu wengi pamoja, waangalie: karatasi ya safari ikiwa ku jina lake, yeye ndiye mwenye kudai.

Karto

Sheria inamutoa msafirishaji ku daraka kama mzigo uliharibika juu ya kufungwa vibaya, na kampuni za bima zinasema vilevile. Karto mbili, moja ndani ya ingine, na sentimeta 5 za kitu laini pande zote. Vipande vya godoro vinafaa kuliko magazeti. Kitu kikisikika kinacheza ndani, kifunguliwe tena. Diski yenye kazi za watu ibaki nyumbani ao itolewe kopi kwanza, kwa sababu hakuna bima ya kawaida ya koli inayolipa picha na hesabu zilizopotea.

Batri ni shida yake peke yake. Batri ya lityumu iliyo ndani ya ordinateri inaweza kupanda ndege kwa masharti. Batri inayotumwa peke yake, pamoja na pawabanki, imekatazwa kama mizigo ndani ya ndege za abiria tangu mwaka 2016, na ndani ya ndege za mizigo inapaswa kuwa na chaji isiyopita asilimia 30. Anayeificha chini ya nguo anaweza kupoteza na bima ya koli yote, kwa sababu alitangaza uongo.

Mbele ya kufunga, inafaa kupiga video ya kifaa kikiwaka, namba ya seria ionekane, na fakture iwekwe pembeni. Kifaa cha zamani kinalipwa bei ya leo, si ya dukani.

Wakati wa kupokea, wengi wanasaini haraka juu motari anapiga honi. Kwa barabara, uharibifu unaoonekana uandikiwe msafirishaji mpaka siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Usioonekana, kama kifaa kinachokataa kuwaka, ndani ya siku 7. Kwa ndege za kimataifa ni siku 14. Maneno ya mdomo hayahesabiwe. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kusaidia, lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa haibishaniwe. Kwa barabara, madai yenyewe yanapelekwa kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu koli ilipotolewa, ao miezi 6 tangu ilipochukuliwa kama haikufika kabisa. Kwenda tribinali ni ndani ya mwaka 1.