Melchior Ndadaye: Siku 103 za Urais

Melchior Ndadaye alizaliwa mwaka 1953 huko Nyabihanga, mkoa wa Muramvya wa wakati huo, Burundi ikiwa bado chini ya Ubelgiji. Mwaka 1972 alikuwa akisomea ualimu mjini Gitega. Mwaka huo Wahutu wenye silaha walianzisha uasi kusini mwa nchi, na serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu waliosoma, kuanzia makarani na walimu hadi wanafunzi wa sekondari. Watafiti wengi wanakadiria kuwa waliouawa walifika 100,000 au kupita. Walionusurika walitawanyika. Wengi waliingia Tanzania, na makazi yao ya Ulyankulu na Katumba yakawa maarufu. Ndadaye, kijana wa miaka 19, alivuka kwenda Rwanda.

Uhamishoni ndiko alikojifunza siasa. Alimaliza masomo, akafundisha shule, na pamoja na wanafunzi wenzake wakimbizi akaanzisha vuguvugu lililojulikana kama BAMPERE, kisha mwaka 1979 chama cha wafanyakazi, UBU. Mwaka 1983 alirudi Burundi, akaachana na UBU baada ya kutofautiana na wenzake kuhusu njia ya kufuata. Alifanya kazi katika huduma za afya Gitega, na baadaye benki. FRODEBU, chama alichokianzisha na wenzake mwaka 1986, kilikua kwa siri, kwa kuwa UPRONA ndicho chama pekee kilichoruhusiwa na sheria.

Agosti 1988 mauaji yalizuka Ntega na Marangara, kaskazini, na jeshi likaua maelfu ya Wahutu. Ndadaye alilisema jambo hilo waziwazi katika mkutano wa hadhara Gitega, akatupwa gerezani Rumonge kwa miezi kadhaa. Kifungo hicho kilimpa jina kuliko hotuba yoyote. Meja Pierre Buyoya, aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi mwaka 1987, alianza kulegeza kamba: katiba ya vyama vingi ilipitishwa Machi 1992, na FRODEBU ikasajiliwa mwaka huohuo.

Uchaguzi wa rais ulifanyika tarehe 1 Juni 1993. Ndadaye alipata karibu asilimia 65, Buyoya asilimia 32 na ushei, na katika uchaguzi wa wabunge uliofuata FRODEBU ikachukua viti 65 kati ya 81. Buyoya alikubali kushindwa, jambo ambalo marais wachache wa zama zile walilifanya, na Ndadaye akaapishwa tarehe 10 Julai. Hata hivyo, siku chache kabla ya kiapo baadhi ya wanajeshi walikuwa wamejaribu kupindua matokeo, wakashindwa. Onyo lilikuwa limeshatolewa.

Rais mpya alijaribu kutuliza hofu za Watutsi. Alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi na mwanachama wa UPRONA, kuwa waziri mkuu, na chama hicho kilipewa wizara kadhaa. Lakini magavana na watawala wa tarafa waliondolewa kwa haraka na nafasi zao zikashikwa na watu wa FRODEBU. Wakimbizi wa 1972 walianza kurudi na kudai mashamba yaliyokuwa yamegawiwa wengine, na mikataba ya serikali iliyotangulia ikaanza kupekuliwa. Zito kuliko yote lilikuwa suala la jeshi. Maofisa wake walikuwa Watutsi karibu wote, na Ndadaye alitaka vijana waandikishwe kutoka kila pembe ya nchi. Alikuwa na Bunge na wizara, ila bunduki zilibaki mikononi mwa watu ambao hakuwateua yeye na wasiomwamini. Hapo ndipo udhaifu wake ulipokuwa, na hakuna uteuzi wa waziri ambao ungeuziba.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba magari ya deraya yaliizingira ikulu mjini Bujumbura na kuishambulia kwa mizinga. Rais alitolewa pamoja na familia yake, akapelekwa kambi ya Muha kana kwamba anaenda kulindwa. Huko alikabidhiwa kwa askari walewale waliokuwa wakimtafuta. Walimpeleka kambi ya askari wa miavuli, akauawa kwa kuchomwa singe. Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute, waliuawa pia, na hivyo mrithi wa kikatiba hakubaki.

Mapinduzi yalikwama ndani ya siku chache, kwa sababu ndani na nje ya nchi hakuna aliyeyakubali. Vijijini, wakati huohuo, Watutsi wengi walikuwa wameshauawa kulipiza kisasi, na jeshi likajibu kwa kuua Wahutu. Mamia ya maelfu walikimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire. Vita vilivyofuata viliua watu wapatao 300,000. Mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 uliweka sharti kwamba kabila lolote lisizidi asilimia 50 ya jeshi.